Tarehe Tupu Si Kosa, Usiijaze

Kila mwisho wa mwezi, biashara nyingi zinazopokea pesa kwa simu hufanya jambo moja: kutoa orodha ya malipo kwenye mfumo mmoja na kuiingiza kwenye mwingine. Kutoka programu ya duka kwenda kwa mhasibu. Kutoka rejista ya wapangaji kwenda kwa wakala wa nyumba. Kutoka daftari la mikopo la chama kwenda Sacco. Faili inayobeba data hiyo huwa mara nyingi ni ya XML, na mkiona kitu kimeharibika njiani, usikimbilie kuangalia kiasi cha pesa. Elfu tano huondoka elfu tano na kufika elfu tano. Angalia tarehe.

Maoni yangu nayasema mapema ili usiyatafute hadi mwisho. Tarehe iliyoachwa wazi ni habari kamili. Inasema "bado": bado hajalipa, bado mkopo haujaisha, bado pesa hazijarejeshwa. Anayeijaza kwa tarehe ya kubuni ili faili ipite bila maneno amebadilisha hesabu zako bila ruhusa yako. Na ajabu ni kwamba mara nyingi anayefanya hivyo hata si mtu. Ni kompyuta, imeamriwa vibaya na mtu aliyekuwa na haraka.

Mimi nilisomea masoko, si kompyuta. Lakini tarehe ndiyo huamua nani atatumiwa ujumbe gani, na ujumbe ndio kazi yangu. Juzi nilipokea SMS ya duka moja la mtandaoni ikinishukuru kwa kuwa mteja wao tangu mwaka wa 1970. Sijafikisha hata miaka thelathini. Nilicheka, nikawatumia marafiki picha. Sasa hebu fikiria kama mfumo huo ungekuwa unakudai.

XML, kwa ufupi, ni maandishi ya kawaida yaliyofungwa kwa lebo. Kiwango chake cha kwanza kilitolewa mwaka wa 1998, na bado kinatumika kwa sababu mtu na mashine wote wanaweza kukisoma. Kodi ya mpangaji mmoja inaweza kuandikwa hivi:

<kodi>
  <nyumba>B12</nyumba>
  <kiasi>8500</kiasi>
  <tarehe_ya_kulipwa>2025-03-07</tarehe_ya_kulipwa>
</kodi>

Tuseme mpangaji wa B14 hajalipa. Hifadhidata yako inajua hivyo. Kwenye safu ya tarehe ya kulipwa imeweka NULL, maana yake hapo hakuna thamani yoyote. Si sifuri, si nafasi iliyobonyezwa kwa kibodi. Ni kiti ambacho hakuna mtu amekikalia. Swali ni namna ya kukionyesha kiti hicho kwenye faili ya XML.

Mtu wa IT mwenye haraka huona NULL inamsumbua, basi anaiambia hifadhidata: ukikuta NULL, weka maandishi matupu. Inasikika vizuri, na kwenye safu ya majina ingefanya kazi. Lakini kwenye safu ya tarehe, SQL Server haiwezi kuweka maandishi mahali pa tarehe, kwa hivyo inayageuza yale maandishi matupu kuwa tarehe, na tarehe inayopata ni 1 Januari 1900. Haitoi onyo lolote. Andika ISNULL(tarehe_ya_kulipwa, '') na faili yako itatangaza kwamba mpangaji wa B14 alilipa kodi mwaka wa 1900, kabla reli haijafika Kisumu.

SQL Server haiko peke yake. Kila mfumo una mwaka wake wa kubuni. Inayohesabu muda kwa sekunde huanzia 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, kwa hivyo sifuri ikisomwa Nairobi hutokea kama 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Hapo ndipo mimi nilipata uteja wa zaidi ya nusu karne. MySQL ya zamani iliruhusu 0000-00-00, siku ambayo haipo kwenye kalenda ya mtu yeyote. Kuanzia toleo la 5.7 mipangilio ya kawaida inaikataa, lakini data ya zamani inaweza kuwa bado imelala humo. Na Excel, seli moja yenye muundo wa tarehe ikirejelea seli tupu, huonyesha tarehe sifuri ya Januari 1900.

Turudi kwa B14. Kwenye ploti ya vyumba ishirini, tuseme sita hawajalipa. Faili ikifika kwa wakala ikiwa na 1900, hao sita ndio wataonekana wamelipa mapema kuliko wote. Ripoti ya madeni inatoka safi, na mwenye ploti anafurahi mpaka aangalie salio. Kisha igeuze. Iwe safu iliyo wazi ni ile ya siku ya mwisho ya kulipa, labda kwa sababu mpangaji ni mpya na mkataba haujawekwa sahihi. Mfumo unaokokotoa faini unaona kodi iliyochelewa kwa zaidi ya karne, na saa mbili asubuhi SMS inaondoka. Huyo mtu hatapiga simu kuuliza habari za hifadhidata. Atauliza mbona mnataka kumla pesa. Na majirani wote watakuwa wamesikia kabla mtu wa IT hajafika kazini.

Pengo linaweza kuandikwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuacha lebo yenyewe nje: kodi ya B14 inaandikwa bila tarehe_ya_kulipwa kabisa. Ya pili ni kuiandika lebo na kutangaza wazi kwamba haina kitu ndani:

<tarehe_ya_kulipwa xsi:nil="true"/>

Hapa ni lazima lebo ya juu kabisa ya faili iwe imetambulisha hiyo xsi, yaani xmlns:xsi="http://www.w3.org/2001/XMLSchema-instance". Bila hivyo msomaji wa XML ataikataa. Ya tatu, ambayo wengi huikimbilia, ni hii:

<tarehe_ya_kulipwa></tarehe_ya_kulipwa>

Inaonekana haina hatia. Ila faili za XML za kikazi husindikizwa mara nyingi na skima, hati inayosema kila lebo inatakiwa kubeba nini. Skima ikisema lebo hii ni ya aina ya xs:date, maandishi matupu si tarehe, na faili inakataliwa. Ikikataliwa, una bahati. Mpokeaji asiyekagua skima anaweza kuipokea, akaigeuza mwenyewe kuwa 1900, na tumerudi pale pale.

Kati ya ya kwanza na ya pili, mimi naegemea ya pili kila mahali ambapo pengo lina maana kwa biashara. Lebo isiyokuwepo huacha swali: kodi haijalipwa, au kuna mtu alisahau kuitoa hiyo safu? Neno nil linajibu. Kwa vitu ambavyo kwa kawaida havipo, kama tarehe ya kurejeshwa kwa malipo, acha lebo nje. Miamala mingi haijawahi kurejeshwa na hakuna haja ya kujaza faili kwa lebo zinazosema hakuna, hakuna, hakuna. Lakini anayepokea ndiye ana neno la mwisho. Skima yake lazima iruhusu lebo ikosekane, kwa minOccurs="0", au ibebe nil, kwa nillable="true". Muulize kabla hujatuma.

Kinachoniudhi ni kwamba zana za kufanya hivi vizuri tayari zimo. FOR XML ya SQL Server, ikiachwa ilivyo, huruka safu yenye NULL; ukiongeza ELEMENTS XSINIL inaandika nil. Kwenye PostgreSQL, xmlforest huruka NULL, na query_to_xml inakuuliza kwenye kigezo chake cha pili kama unataka nil ziandikwe. Amri ya mysqldump ikipewa --xml huandika nil yenyewe. Yaani hapo mtu angeweza kukaa tu bila kufanya chochote na kazi ingetoka sawa. Ile ISNULL ya kuongeza ndiyo ilileta maneno.

Kuna hoja ya upande wa pili na ni haki niitaje. Watu waliozoea hifadhidata wengine hupenda kuweka 9999-12-31 kwa mkataba usio na mwisho, kwa sababu kulinganisha tarehe mbili ni rahisi kuliko kuuliza kila mara kama kuna NULL. Ndani ya hifadhidata yao, sawa, ni nyumba yao na wanajua kila kitu kiko wapi. Lakini faili ya XML inatoka nje, inakwenda kwa mtu ambaye hakuambiwa maana ya 9999. Chukua mkopo wa chama wa shilingi 50,000 usio na tarehe ya mwisho, uupe mwaka 9999, kisha mfumo wa Sacco uugawanye kwa miezi iliyobaki. Utapata malipo ya kama senti hamsini kwa mwezi. Mwanachama hatalalamika. Mweka hazina, bila shaka.

Sasa zile tarehe ambazo zipo.

07/03/2025. Mkenya anasoma 7 Machi. Programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani inasoma 3 Julai. Watu huniambia, "Si tungeona?" Hapana, hamngeona. 25/03/2025 ingekataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na hiyo kweli mngeiona. Zinazopita kimya ni siku za kuanzia 1 hadi 12. Piga hesabu: siku 12 kila mwezi, mara miezi 12, ni 144; ondoa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 07/07, zinabaki 132. Siku 132 kwa mwaka ambazo faili inaweza kudanganya na hakuna atakayeshtuka. Na watu hulipa kodi ya nyumba lini? Mwanzo wa mwezi. Tarehe tano, tarehe kumi. Yaani malipo yako yamejazana mahali penye hatari zaidi.

XML yenye skima hainaga mjadala hapa. Aina ya xs:date inakubali mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo na kwa vistari: 2025-03-07. Mpangilio huu unatokana na kiwango cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka wa 1988, na una faida ambayo watu wa Excel wataipenda: hata ukizipanga tarehe kama maandishi tu, zinajipanga zenyewe kwa mfuatano wa kalenda. Benki nazo zimo. Taarifa ya akaunti ya XML inayoitwa camt.053, chini ya kiwango cha ISO 20022, huandika tarehe hivyo hivyo, na hutenganisha siku muamala ulipoingizwa vitabuni na siku pesa zenyewe zilipoanza kuhesabiwa. Wao wanajua tarehe moja haitoshi kusema kila kitu.

Tatizo huanza pale mtu anapotoa data jinsi alivyoizoea kwenye skrini. "Ijumaa, 7 Machi 2025" inapendeza kwenye risiti na ingefaa iandikwe hivyo kila mara, kwa sababu risiti inasomwa na mama anayetaka kujua alilipa lini. Faili inasomwa na mashine. Mashine iliyofunzwa "Aug" haitajua "Ago" ni nini. Mapambo ya tarehe ni kazi ya yule anayeionyesha mwishoni. Njiani isafiri ikiwa kavu.

Hata mtu akiamua kuiandika kavu, bado herufi zenyewe zina mitego. Kwenye programu nyingi, Java ikiwemo, MM kubwa ni mwezi na mm ndogo ni dakika. Mtu akiandika yyyy-mm-dd, malipo ya 7 Machi yaliyofanywa saa nane na dakika 45 mchana yanatoka 2025-45-07, yanakataliwa, kila mtu anaona. Yaliyofanywa saa nane na dakika tano yanatoka 2025-05-07. Hayo yanapita, yamekuwa ya Mei. Pia kwenye Java, YYYY kubwa si mwaka wa kalenda, ni mwaka wa wiki, na mwaka wa wiki hubadilika siku chache kabla au baada ya 1 Januari. Malipo ya 30 Desemba 2024 yanaweza kuandikwa 2025-12-30. Programu inafanya kazi vizuri mwaka mzima halafu inaharibu wiki ya Krismasi, wakati mtu wa IT ameenda ushago.

Kisha kuna saa. Wenye vilabu, vituo vya petroli na matatu za usiku, hii ni yenu. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC, na mifumo mingi huhifadhi muda kwa UTC, jambo ambalo ni sawa kabisa. Muamala wa 1 Januari 2025 saa saba na dakika kumi usiku ni 2025-01-01T01:10:00+03:00, au kwa UTC ni 2024-12-31T22:10:00Z. Yote mawili ni wakati ule ule mmoja, hakuna uongo. Uongo unaingia mpokeaji anapotaka tarehe tu, akakata herufi kumi za kwanza. Mauzo ya usiku wa mwaka mpya, pengine usiku wenu mkubwa kuliko wote, yameingia mwaka uliopita. Kwa mtu binafsi anayelipa kodi ya mapato kwa mwaka wa kalenda, huo ni mwaka mwingine wa KRA. Na si usiku huo tu: kila muamala wa kati ya saa sita na saa tisa usiku unarudi nyuma siku moja, na ukiwa wa tarehe mosi unarudi nyuma mwezi mzima, kwenye VAT ambayo labda ulishaijaza na kuilipa. Geuza kwanza kuwa saa za Nairobi, ndipo ukate.

Neno moja kuhusu Excel, kwa kuwa najua utaifungua faili humo. Ifungue ukitaka, ila usiihifadhi kutoka humo halafu ukaituma. Kwa Excel tarehe ni namba iliyovalishwa nguo: 45000 ni 15 Machi 2023, na nguo zikivuka mpaka kwenda programu nyingine zinaweza kuvuka au zikabaki. Pia huamua siku na mwezi kwa kufuata mipangilio ya kompyuta yako, hata kama yule aliyekuuzia kompyuta aliiacha kwa mipangilio ya Marekani.

Kwa nini nakuambia haya wewe mwenye biashara badala ya kumwandikia mtu wa IT? Kwa sababu yeye hawezi kujua kiti kitupu kinamaanisha nini kwako. Tarehe ya kulipwa ikiwa wazi ni deni, tarehe ya kuzaliwa ikiwa wazi ni kwamba mteja hakutaka kusema, na tarehe ya mwisho wa mkataba ikiwa wazi pengine ni makubaliano ya mdomo kati yako na shemeji yako. Kwa kompyuta zote tatu ni NULL. Usipomwambia, ataamua mwenyewe, na ataamua kile kitakachomfanya alale.

Kwa hivyo kabla hujamlipa, mpe mistari mitatu ya majaribio aitoe mbele yako: mmoja ambao haujalipwa, mmoja wa tarehe tano ya mwezi wowote usiokuwa wa tano, na mmoja wa saa saba usiku wa tarehe mosi. Faili ikitoka, ifungue kwa Notepad, si Excel. Tazama ule wa kwanza hauna tarehe, wa pili una mwezi mahali pake, wa tatu haujarudi mwezi uliopita. Halafu bonyeza Ctrl na F, utafute 1900, kisha 1970, kisha 0000, kisha 9999. Hiyo 0000 itakuletea pia kiasi kama 10000, kwa hivyo angalia lebo iliyomo. Ukipata hata moja ndani ya lebo ya tarehe, faili isiende popote mpaka akueleze imetoka wapi.